Picha ya Miguu Miwili

Kwenye picha za harusi za wanangu mimi sipo. Ukitafuta sana utauona mgongo wangu kwenye harusi ya mwanangu wa kwanza, nimeinama juu ya sufuria ya pilau, kanga imepanda. Kwenye harusi ya binti yangu wa mwisho upo mkono. Mkono tu, umeshika mwiko, umechomoza pembeni ya picha kama mkono wa mwizi dirishani. Binti huyo aliwahi kuniambia, "Mama, wakwe zangu wanadhani nimelelewa na mwiko."

Nilikuwa nakimbia. Mpiga picha akitokea mlangoni, mimi nakumbuka kuni. Akija uani, nakumbuka maji. Nimeishia darasa la nne, lakini kutoroka nilifaulu vizuri kuliko wenye digrii.

Niseme sababu, maana watu walidhani ni ushamba. Kwetu ni Mamboya, milimani. Mama yangu alipofariki, watoto tulikaa chini tukaulizana: picha ya mama iko wapi? Maana kwetu siku hizi maiti haiendi kaburini bila picha. Mjukuu anatangulia mbele ya jeneza ameibeba kifuani, na kabla ya hapo inakaa juu ya jeneza watu wakipita kuaga. Mama hakuwa na picha hata moja ya maana. Tuliipata ya kadi ya kupigia kura. Kaka yangu akaipeleka mjini ikakuzwe.

Siku aliyopigwa ile picha walikuwa wamemwambia atoe kitambaa kichwani, asicheke, aangalie mbele. Mama yangu hakuwahi kukaa mbele ya wanaume kichwa wazi tangu avunje ungo. Kwa hiyo alitoka na uso wa mtu aliyekamatwa, jicho moja limefumba nusu. Uso huo ndio uliokaa juu ya jeneza, mkubwa kama sinia. Watu wakalia kwa sababu ya msiba, mimi nikalia kwa sababu ya lile jicho.

Baada yake akaenda shangazi, na picha yake ikakuzwa. Akaenda kaka, ikakuzwa. Katika macho yangu picha ya mzee kwenye fremu ilikuwa na kazi moja tu. Ukimwona mzee ametiwa kwenye fremu, huyo keshaondoka. Najua nilikuwa nageuza mambo nyuma mbele: mtu anakufa kwanza, fremu inafuata. Lakini moyo wangu haukusoma shule hiyo. Nikawa najiambia, wasiponipiga, hawana cha kukuza.

Nikaishi hivyo hadi mwaka huu, mpaka suala la mguu wa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mkagua reli. Nilipoolewa nikashuka naye kutoka milimani kuja Kilosa mjini, tukapanga Magomeni ya huko huko Kilosa, na mpaka leo tuko Magomeni. Kazi yake ilikuwa kutembea. Asubuhi anachukua nyundo na spana ndefu begani, anaifuata reli kuelekea Kidete, anagonga bolti, anakaza zilizolegea, anaangalia mataruma ya mbao chini ya reli yaliyooza na mahali mto ulipokula tuta. Akirudi jioni naye ana vumbi hadi kwenye nyusi. Mvua ikinyesha sana kule juu, watu wengine wanafunga milango, yeye anavaa viatu. Miguu ile imetusomeshea watoto watatu. Alikuwa akiipaka mafuta kila anapotoka kuoga, taratibu, kama mwanamke anayelea kichanga. Nilikuwa namwambia, "Hiyo miguu ungeioa."

Kisha sukari ikamwingia. Tukajifunza kula ugali wa dona na kuikimbia soda. Tukadhani tumeiweza. Mwaka huu, shambani kwetu Kisanga, akakanyaga kisiki cha mbaazi. Kilipenya kandambili kikaingia chini ya kidole gumba, na yeye hakusikia. Aliendelea kupalilia mpaka mimi nilipoona damu kwenye mche. Sukari ndivyo ilivyo, inaua maumivu kwanza ili uendelee kucheka. Kidonda kikawa kidogo, kikawa kikubwa, kidole kikawa cheusi kama mkaa, weusi ukaanza kupanda.

Mwanangu wa kwanza anaishi Mikumi. Ni fundi wa matairi ya malori pale barabara kuu. Akatuita tuje kwake ili baba yake atibiwe hospitali ya huko. Jumatatu tukaonana na daktari, binti mdogo, mwenye mikono ya mtoto lakini anaongea kama mama mkwe.

"Babu," akasema, "mguu huu tukiuacha utakuchukua mwili wote. Inabidi tuukate."

Mume wangu akauliza, "Utaukata wapi?"

Daktari akachukua kalamu akaipitisha chini ya goti, bila kugusa ngozi.

"Lini?"

"Jumatano asubuhi mje, usiwe umekula kitu."

Mume wangu akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa treni itachelewa. Kisha tulipofika kwa mwanangu, kabla hata hajapewa maji, akasema, "Kesho nataka picha. Nimesimama. Na nyinyi wote. Na huyu." Akaninyooshea kidevu.

Mimi nikaona jeneza. Sitaki kudanganya, nililiona hata mapambo yake.

"Picha ya nini?" nikamuuliza.

"Ya miguu yangu."

"Miguu yako nimeitazama tangu sina mvi. Inanitosha."

"Wewe inakutosha. Na vitukuu je? Watanijua kigutu."

"Mzee, mtu anakwenda kwenye kisu halafu anatafuta fremu? Unamwita nani?"

 Mkwe wangu akaacha kuosha vyombo. Wote walinijua, na sasa wote walijua ninaogopa nini. Haikuwa tena picha yangu mimi. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba nikisimama pembeni ya mume wangu mbele ya kamera, Jumatano hatatoka.

Yeye hakupandisha sauti. Akasema, "Nikipona, mguu haupo. Nikifa, mguu haupo. Kesho upo. Mimi sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

"Uliniomba niache milima yetu nije nilale na mbu wa Kilosa."

"Basi hiki cha pili."

Nikatoka nje nikakaa na matairi.

Sasa, Magomeni nina jirani. Babu yake aliletwa kukata mkonge enzi za wakoloni, kabila lake na langu ni watani, na yeye ameushika utani huo kuliko sala. Nilikuwa nimemwachia kuku wangu. Binti yangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu hapo Kilosa, alikuwa ameshampa habari. Simu ikaja, mjukuu wangu akaiweka sauti ya juu, nadhani makusudi.

"Nasikia wewe mchawi wa Mamboya umekataa kupigwa picha," mtani akasema, bila hata hodi.

"Kuku wangu wazima?"

"Mmoja nimemla. Sikiliza. Kukataa huna haja, maana picha yako ninayo. Kipaimara cha mjukuu wako, umelala kwenye kiti, mdomo wazi, na nzi yuko mlangoni anajiuliza aingie au asiingie. Nimeitunza kwenye simu. Ukifa, hiyo ndiyo naikuza, naiweka juu ya jeneza mwenyewe. Nimeshaongea na wa kusafisha picha."

Wote ndani wakaangua kicheko. Mume wangu alicheka mpaka akashika goti.

Asiyejua utani atadhani huo ni mdomo tu. Mimi nilikuwepo kaka yangu alipozikwa. Dada wa huyu huyu mtani alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea kama yeye, ule mwendo wa kuvuta kisigino, akaenda kwa mchungaji akamwomba ugoro. Akalala juu ya jeneza akasema hatoki mpaka apewe kuku. Na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyethubutu kukunja uso, maana kumkasirikia mtani msibani ni aibu kuliko kuiba. Kwa hiyo nilijua kabisa huyu wangu ataiweka. Ningezikwa na nzi wangu, na wanangu wangesimama pale wakisema asante.

"Na mzee wako," mtani akaendelea, na sauti ikashuka kidogo, "mpe anachotaka. Wangu mimi aliondoka niko sokoni nachagua dagaa, sina hata..." Salio likakatika. Salio la mtani wangu halijawahi kufika mwisho wa sentensi.

Sikukubali. Nilisema nitawasindikiza, nitakaa nje nishike mikoba.

Jumanne asubuhi binti yangu akafika na basi kutoka Kilosa, amebeba viatu vya kazi vya baba yake. Alikuwa ameagizwa. Viatu virefu vyeusi, vimepigwa dawa, soli imelika upande mmoja kwa kutembea kwenye kokoto za reli. Mguu wa kushoto ukaingia. Wa kulia ulikuwa umevimba na bandeji juu yake, haukuingia hata nusu. Mzee akajaribu tena. Jasho likamtoka, mwanangu akainama kumsaidia, baba yake akamsukuma.

"Baba, vaa kandambili," mwanangu akasema. "Picha haitajali."

"Sikutembea reli kwa kandambili."

Akabaki amekaa kwenye benchi, kiatu mkononi, anakiangalia ndani kama vile mguu umejificha humo. Nimezaa na mtu huyu, nimezika naye mtoto mmoja, lakini sikuwahi kumwona ameshindwa na kiatu. Kitu hicho sikuweza kukitazama. Nikaingia jikoni, nikachukua kisu cha mkwe wangu, nikamnyang'anya kiatu, nikakipasua kwa nyuma kuanzia juu hadi kisiginoni, kama unavyopasua kambale. Nikakifumbua. Mguu ukaingia, bandeji na vyote. Nikachana kipande cha kitenge cheusi nikakifunga kwa nyuma. Ukimtazama kwa mbele, kiatu kizima.

Akaangalia chini. "Umekiharibu."

"Nimekuvalisha."

 Alinipigapiga kichwani mara mbili, kama anavyogonga reli.

Studio iko hapo hapo barabarani, malori yakipita vioo vinalia. Mpiga picha ni kijana mwenye adabu na suruali ya kubana. Ana kiti kikubwa cha dhahabu, dhahabu ya rangi, na ana kompyuta inayoweza kukupeleka popote. Akatuonyesha: unasimama hapa, yeye nyuma yako anaweka unachotaka.

"Wageni wengi wanapenda tembo," akasema. "Kama mko hifadhini."

"Tembo?" nikasema pale pale mlangoni na mikoba yangu. "Wanakula mahindi yetu shambani, na sebuleni nao wakae?"

"Basi ghorofa, bibi."

"Ukiweka ghorofa, siku moja watoto watauliza hati."

Akaweka pazia la bluu, tukaelewana. Kisha akavuta kile kiti na kingine. Babu na bibi wakae mbele, watoto wasimame nyuma. Ndivyo inavyopangwa kwa heshima, mzee hasimamishwi vijana wakiwa wapo. Mume wangu akasema anasimama. Kijana akashtuka. "Babu, watu wataniona sikufunzwa."

"Ukinikalisha naondoka."

Kiti kikatolewa. Mwanangu akamshika baba yake mpaka katikati ya pazia, akamwachia taratibu, akarudi hatua moja. Mume wangu akasimama. Ungehesabu labda mpaka tatu, akaanza kuyumba, mwanangu akamdaka. Wakarudia. Akayumba tena. Mguu ule haukuwa unasikia sakafu. Mwanangu akasema amshike yeye. Mzee akakataa, alitaka watoto wasimame mstari wao, kila mtu na mahali pake. Mjukuu wangu, huyu aliyemaliza kidato cha sita, akanigeukia. Yeye huniita mke mwenzangu tangu ajue kuongea, kama wajukuu wa kike wanavyowaita bibi zao.

"Mke mwenzangu, wewe si umekataa? Basi niachie mimi, nimshike mume wetu. Mimi ndiye kijana, na picha itapendeza."

"Wewe mwepesi," babu yake akamwambia, "tutaanguka wote." Kisha akanitazama mimi. Hakusema tafadhali. Alisema, "Njoo."

Nikaweka mikoba chini. Nikajiambia: namshika mpaka akae sawa, halafu natoka. Nikapitisha mkono wangu wa kulia nyuma yake, chini ya koti, nikakamata mkanda wake wa suruali, nikaukaza kama kamba ya ng'ombe. Yeye akaniwekea mkono begani, na uzito wake wote ukanijia. Alikuwa mzito, Mungu anajua. Akasimama wima. Nikalegeza kidogo ili nichomoke, akaegama.

"Ukitoka naanguka," akasema.

Basi nikabaki. Na pale, na ule mkanda unanikata vidole, hofu yangu ikakosa pa kukaa. Sikuwa nimekuja kupigwa picha, nilikuwa nashikilia mtu. Kushikilia naweza. Nguzo haiulizwi kama inapenda picha.

Kijana akapiga ya kwanza akaja kutuonyesha. Nyuso zetu zilikuwa kubwa, nzuri, zimeishia kifuani.

"Miguu iko wapi?" nikauliza.

"Bibi, za familia tunachukua nusu, ili sura zionekane."

Mimi niliyekimbia kamera miaka yote nikasikia sauti yangu inapiga kelele mpaka barabarani: "Hiyo futa! Hatukuja kwa ajili ya sura, tumekuja kwa ajili ya miguu!"

Akarudi nyuma. Haikutosha. Akarudi mpaka mlangoni, akatoka nje kabisa, akasimama kibarazani na kamera, mwenye bodaboda mmoja akaegesha kutazama. "Bibi, cheka!" akaita. Nikamwambia sicheki, nimebeba mzigo. Ndipo mume wangu akaninong'oneza kitu sikioni kwa Kikaguru. Sitakiandika, wajukuu watasoma. Nilicheka mpaka pengo langu likaonekana, na kamera ikalia.

Baadaye kijana akasema anaweza kunilainisha uso kwenye kompyuta, mikunjo ikaisha. Nikamwambia aiache, nimeikunja mwenyewe na nguvu zangu.

Jumatano wakamchukua. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na bahasha ya ile picha mkobani, sikuifungua. Niliogopa kuitazama kama mtu anavyoogopa kutazama chini ya daraja. Sala niliyosali haikuwa na adabu. Nilisema: Mungu, mimi nimetii, na wewe tii. Binti yangu alinisikia, akashtuka, lakini akasema amina.

Yule daktari mdogo akatoka. Akasema, "Bibi, ameamka. Anauliza picha iko wapi."

Nikainuka kwa haraka mpaka nikaacha kiatu kimoja chini ya benchi.

Alikuwa amelala, uso mkavu, shuka limelala bapa pale ambapo lingeinuka. Nikampa. Aliiangalia muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Nikadhani anatazama watoto. Akasema, "Ona. Vimekaa sambamba." Viatu vyake viwili, alimaanisha, kama reli. Machozi yakamtiririka hadi masikioni, nami sikumfuta, kwa sababu yalikuwa na haki ya kutoka.

Ndipo nikajitazama na mimi. Kwenye picha kuna mwanamke mzee, kilemba kimeenda upande, pengo wazi, amesimama kama amepandwa hapo. Mkono wake mmoja hauonekani. Nilimpenda. Nilitamani ningekuwa jirani yake.

Sasa miezi imepita. Kigutu kimepona vizuri, ngozi imefunga, sukari tunaibana. Picha iko sebuleni Magomeni, na kila mgeni lazima asimuliwe, hata aliyekuja kuazima chumvi. Mtani alikuja siku ya kwanza, akaitazama, akasema mbaya kama nini, akaifuta vumbi na kanga yake. Namshukuru. Namshukuru daktari na mikono yake ya mtoto, namshukuru kijana wa studio aliyepigia picha barabarani. Namshukuru Mungu, ambaye hakukasirika.

Wiki iliyopita tulirudi Mikumi kwa ajili ya kliniki. Tulikaa benchi moja na mama mmoja kutoka mashambani na mume wake, bwana mrefu, mguu umefungwa bandeji mpaka kifundoni. Naye wa kukatwa. Mume wangu anatembea na picha ndogo ya ile kubwa mfukoni, akaitoa akawaonyesha. Yule bwana akaishika kwa vidole viwili. Akamwambia mkewe, "Na sisi twende." Mkewe akageukia ukutani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, mimi picha siziwezi."

"Hata mimi siziwezi," nikamwambia. "Wewe mshike tu. Mshike mkanda kwa nyuma, hauonekani."

Akamtazama mumewe. Bwana alikuwa amevaa suruali ya lastiki.

"Hana mkanda," akasema.

Nikamfungua mume wangu mkanda palepale kwenye benchi, mbele ya manesi, nikampa yule mama. Kwa hiyo mzee alirudi Kilosa mkono mmoja umeshika bega langu na mwingine umeshika suruali, ananitukana kituo hadi kituo, na mimi kila tusi nalipokea kwa moyo mweupe.